Ousmane Sembène na Herufi ya Pili: Filamu, Lugha na Udhibiti wa Dola nchini Senegali

Ousmane Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, katika eneo la Casamance kusini mwa Senegali, akiwa mtoto wa mvuvi. Elimu yake ya darasani ilikoma mapema baada ya ugomvi na mwalimu. Alifanya kazi za uashi na umakanika, akapigana katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akawa kuli wa bandari mjini Marseille na mwanachama shupavu wa chama cha wafanyakazi. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956. Les Bouts de bois de Dieu, inayohusu mgomo wa wafanyakazi wa reli wa 1947–48, ikafuata mwaka 1960. Sifa alizipata, lakini wasomaji aliowakusudia hakuwapata, kwa kuwa wengi wao hawakujua kusoma Kifaransa. Ndipo, akikaribia umri wa miaka 40, alipokwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu chini ya Mark Donskoy.

Uwanja alioingia ulikuwa umekwisha kuwekewa mipaka. Amri ya Pierre Laval ya mwaka 1934 ilikuwa imekataza kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika bila kibali cha serikali, na ndiyo maana Paulin Vieyra na wenzake walilazimika kuipigia Paris filamu yao Afrique-sur-Seine mwaka 1955. Uhuru uliiondoa amri hiyo. Haukuuondoa mkono wa Paris, ambao sasa ulishika mfuko badala ya kibali. Muswada wa La Noire de... ulikataliwa na ofisi ya filamu ya Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa. Filamu yenyewe, iliyokamilishwa kwa msaada wa kwingineko, ilipata Tuzo ya Jean Vigo mwaka 1966.

Mwaka 1968 Sembène alitoa Mandabi, filamu iliyotokana na hadithi yake Le Mandat. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu hadithi hiyo kupitia Hawala ya Fedha, tamthilia ya Amandina Lihamba. Mandabi ilipigwa kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu pia, na kwa toleo hili la pili mhusika maskini wa Dakar alisikika kwenye skrini akisema kama asemavyo nyumbani kwake. Wahakiki wengi wameichukua hatua hiyo kuwa ukombozi wa msanii. Ilikuwa hivyo, lakini pia ilimhamishia Sembène kwenye himaya ya mdhibiti mwingine, aliye karibu zaidi.

Emitaï (1971), inayoonyesha Wadiola wakinyang'anywa mpunga wao na jeshi la kikoloni, ilizuiwa katika nchi kadhaa zilizotawaliwa na Ufaransa. Xala (1975) inawakejeli mabwanyenye wapya wa Dakar kwa kisa cha mfanyabiashara anayepoteza nguvu za kiume usiku wa ndoa yake ya tatu. Filamu hiyo iligharimiwa kwa sehemu na shirika la filamu la serikali. Serikali hiyohiyo ikaikata mara kadhaa kabla ya kuiruhusu. Msanii aliyelipwa na dola alikuwa pia msanii aliyekatwa na dola, na hali hiyo haikuwa ya Senegali peke yake.

Kisha ikaja Ceddo (1977). Rais Léopold Sédar Senghor, mshairi na mwanasarufi kwa taaluma, alikuwa ametia saini kanuni za kuandika lugha za taifa, na kwa kanuni hizo jina la filamu lilipaswa kuwa na d moja. Sembène hakukubali kuiondoa ya pili. Hakuwa mgeni katika suala hili: tangu 1971 yeye na mwanaisimu Pathé Diagne walikuwa wakitoa gazeti la Kiwolofu, Kaddu. Katika lugha hiyo urefu wa konsonanti hubainisha maana, kwa hiyo herufi maradufu si pambo. Filamu ikapigwa marufuku. Gazeti la Cheikh Anta Diop, Siggi, nalo lilikumbwa na mkasa kama huo kwa sababu ya g yake ya pili.

Ni rahisi kusema kwamba tahajia ilikuwa kisingizio tu. Ceddo inaonyesha imamu akinyakua kiti cha mfalme na kuwasilimisha raia kwa nguvu, huku padri na mfanyabiashara wa watumwa wakiwa kando, na mwishowe binti mfalme anamuua imamu huyo. Katika nchi ambayo masheikh wa tarika walikuwa nguzo ya utawala, hayo yalitosha kuitia serikali hofu. Hata hivyo maelezo hayo yanapunguza uzito wa jambo. Wanaokumbuka kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili wanajua kwamba anayeamua namna ya kuandika neno huamua pia nani ana mamlaka juu ya wasemaji wake. Senghor alidai mamlaka hayo kwa niaba ya dola. Sembène aliyadai kwa niaba ya wasemaji, au angalau alijiona hivyo. Ukaidi wake mwenyewe haukuwa mdogo. Ceddo haikuonyeshwa hadharani Senegali hadi baada ya Senghor kung'atuka mwishoni mwa 1980.

Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla ya filamu ndefu iliyofuata. Camp de Thiaroye (1988), aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, inasimulia mauaji ya askari wa Kiafrika yaliyofanywa na jeshi la Ufaransa karibu na Dakar tarehe 1 Desemba 1944. Ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Senegali, Algeria na Tunisia, bila fedha za Ufaransa, ikapata tuzo maalumu ya majaji mjini Venice, lakini ilichelewa kwa miaka mingi kufika katika majumba ya sinema ya Ufaransa.

Guelwaar ilitoka 1992, Faat Kiné 2000, na Moolaadé, inayopinga ukeketaji, ilipata tuzo mjini Cannes mwaka 2004. Filamu kuu juu ya Samori Touré, aliyoiandaa kwa miaka mingi, haikupigwa kamwe. Hiyo haikuhitaji mdhibiti, kwani fedha hazikupatikana. Sembène alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007.