TIPPU TIP, BWANA WA KASONGO



Mu namba hii tunawaelezea maisha ya Hamed bin Muhammed, ule watu waliita Tippu Tip. Jina lake tunalisikia mingi, lakini kazi yake hatuijue vizuri.

Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837, mu jamaa ya wafanya biashara Waislamu. Akiwa kijana akaanza safari za bara, kutafuta pembe za tembo na watumwa.

Mwaka 1867 akafika Itabwa, katikati ya ziwa Tanganyika na ziwa Moero. Nsama, mfalme wa pale, aliogopwa na wote. Tippu Tip aliumizwa na mishale, lakini bunduki zake zikashinda, akabeba pembe nyingi sana. Kiisha akaendelea mpaka upande wa Lomami. Kule alisema nyanya yake alikuwa wa jamaa ya mzee Kasongo Rushie, alikamatwa zamani mu vita. Mzee akaamini, akamwachia ufalme.

Toka 1875 akakaa Kasongo, mu Maniema. Aliweka wakubwa wake mu vijiji, akakata mashauri, akakataza machifu kupigana bila ruhusa yake. Mashamba ya mpunga yakawa makubwa, na wafanya biashara wakapita bila woga. Lakini pembe zote zilikuwa zake, na kijiji chenye kukataa kilichomwa, watu wake wakafungwa kamba.

Mwaka 1887 Leopold II akamuweka gavana wa Stanley Falls, leo Kisangani, kwa mushahara wa paundi 30 kwa mwezi. Alipashwa kuzuia biashara ya watumwa, yeye mwenyewe aliyepata mali kwayo! Kiisha akarudi Zanzibar. Mwaka 1892 vita ikaanza kati ya watu wake na Leta. Mwaka 1893 Kasongo ikachukuliwa, na Sefu mwana wake akauawa. Mwaka 1894 yote ikaisha. Tippu Tip alikufa Zanzibar mwaka 1905, akiisha kuandika maisha yake kwa Kiswahili.

Kiswahili kilifika Lubumbashi kwa njia nyingi, hata kwa treni na kazi ya migodi. Njia moja ni ile ya misafara ya Maniema. Wazee wetu wengine walishika bunduki, wengine walifungwa kamba. Leo wajukuu wao tunakaa mu kalasi moja, tunasema lugha moja. Basi, tusimtukane mwenzetu juu ya babu yake. Lakini pia, kijiji kikinyamaza kwa woga, tusiseme kina amani.