Mwenda Jean-Bosco: gitare iliyovuka mipaka na kurudi nyumbani



Kwenye fishi tunayojaza wakati mutu anaingia mu chama, kuna mustari mumoja unaouliza kazi gani alijifunza kule ukimbizini. Wengi wanaandika: hakuna. Kisha ukikaa naye kidogo chini ya muembe, unasikia kwamba anashona, anatengeneza radio, ao anapiga gitare. Yeye anaona ile si kazi ya kuandika kwenye karatasi. Juu ya hiyo, safari hii ninawaletea maisha ya muzee mumoja wa Katanga ambaye wazazi wetu walimusikia sana: Mwenda Jean-Bosco.

Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, muji mukubwa wa Bayeke. Bunkeya ulijengwa na mufalme M'siri, ambaye jamaa yake ilitoka upande ambao leo ni Tanzania, ikifuata biashara ya shaba na pembe za tembo. M'siri aliuawa Desemba 1891, wakati wazungu walikuja kuchukua inchi. Kwa hiyo Mwenda alizaliwa katika watu waliojua vizuri maana ya kuhama na kuanza upya.

Ile wakati, Katanga yote ilikuwa inazunguka shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kila mutu alifika na luga yake, na Kiswahili kikawa luga ya wote kambini. Gitare nayo ilikuwa imeingia katika miji hii. Hakukuwa umeme wala orkestra kubwa. Mutu mumoja alikaa na gitare yake ya mbao, watu wakamuzunguka, akaimba habari za ndoa, za pombe, za mushahara unaoisha mbele ya mwezi. Mupiga gitare wa namna hiyo hakuhesabiwa kuwa mutu mukubwa. Alikuwa mutu wa kuchangamusha watu kisha kazi, basi.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, Muingereza aliyeishi Afrika ya Kusini na kuzunguka na mashine ya kurekodi muziki wa Afrika, alipita Jadotville, ambayo leo tunaita Likasi. Akamukuta huyu kijana wa miaka 22 hivi anapiga gitare mtaani. Akamurekodi. Wimbo wake Masanga ukatoka kwenye diske ya Gallotone, kampuni ya Johannesburg, na kwa ile mwaka ukapata zawadi ya kwanza ya Osborn kwa muziki wa Afrika.

Wenye kujua gitare waliuliza: ni watu wangapi wanapiga hapa? Alikuwa mumoja tu. Alipiga kwa vidole viwili vya mukono wa kuume, kidole gumba na kile kinachofuata. Gumba lilishika sauti za chini, na kidole cha pili kilicheza juu yake, kila kimoja na mwendo wake, mpaka unaamini magitare ni mawili. Mwalimu mumoja wa muziki, David Rycroft, aliandika makala mbili, mwaka 1961 na 1962, kueleza tu vile Mwenda alivyokuwa anapiga. Mambo ambayo jirani za Likasi waliona ni muchezo wa jioni, wengine waliyasoma kama somo.

Diske zake zilisambaa Afrika ya Kusini, ya kati na ya mashariki. Mwisho wa miaka ya 1950, yeye mwenyewe akafika Nairobi, akapiga kwenye radio na kwenye matangazo ya dawa ya kuumwa kichwa. Kule Kiswahili chake cha Katanga kilisikika kigeni kidogo, lakini watu walikielewa. Vijana wa Kenya walianza kupiga kwa vidole sawa yeye na ndugu yake Edouard Masengo, ambaye pia alifanya kazi ya muziki kule. Mupaka haukuzuia ule muziki.

Hapa ninaomba tusimame kidogo. Mwenda hakuwa mukimbizi. Alikwenda kwa kazi, akarudi. Lakini inchi aliyoishi haikuwa tulivu: Katanga ilijitenga Julai 1960, vita ikaingia, na hali hiyo ikaisha Januari 1963. Katika miaka iliyofuata, yeye alijenga maisha yake juu ya miguu mingi. Alikuwa na kazi Gécamines Lubumbashi, alikuwa na orkestra yake, na alikuwa na hoteli karibu na mupaka wa Zambia. Gitare hakuiacha, lakini hakuiomba imulishe peke yake.

Na ilikuwa vizuri, juu sokoni mambo yaligeuka. Rumba ya Kinshasa, na magitare yake ya umeme, ikachukua vijana. Mutu mumoja na gitare ya mbao akaonekana wa zamani. Lakini mwaka 1969 alialikwa Marekani, akapiga kwenye tamasha kubwa la Newport. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kizungu, na yeye akaitwa Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1979 Muingereza John Low alifunga safari mpaka Lubumbashi kutafuta hawa wazee wa gitare na kujifunza kwao. Mwaka 1982 Mwenda alipiga Ujerumani, na mwaka 1988 akarekodi tena, Cape Town. Mwaka 1990 alikufa katika ajali ya gari Zambia, akiwa na miaka 60 hivi.

Ninajua mwanachama mumoja atasema: huyu alikuwa na bahati, Tracey alipita kwake, kwangu nani atapita? Ni kweli. Wengine wengi walipiga vizuri na hakuna mashine iliyopita mbele yao. Lakini ndiyo maana tuko na chama. Likelemba yetu na kasha yetu ni kwa wale ambao hakuna mutu atawapitia kwa bahati.

Sisi wa terrain pia tuko na kosa letu, na ninalisema mbele ya wafadhili. Mara nyingi tumegawa majembe kwa wote kwa hesabu sawa, mupaka kwa yule ambaye angetengeneza radio za kijiji kizima kama angepata bisibisi na chuma ya kuchomelea. Hatukumuuliza vizuri. Na yeye, aliona haya kusema.

Kwa hiyo kwenye mkutano unaokuja tutafungua fishi zote tena, kwa ule mustari mumoja tu. Uliyoandika hakuna, kuja na kile unachojua kufanya kwa mikono yako. Kama ni cherehani, andika. Kama ni gitare, andika, na uilete tuisikie.