Kardinali Stefano Borgia na Nyumba Yake ya Velletri

Jina la Borgia likitajwa, wengi wetu humkumbuka Papa Alexander VI na mambo yaliyoandikwa juu ya jamaa zake. Leo tunamleta Borgia mwingine, aliyezaliwa zaidi ya miaka 200 baada ya kifo cha Papa huyo. Huyu ni Stefano Borgia, padre, kardinali na mkusanyaji wa vitu vya kale. Nyumba ya familia yake katika mji wa Velletri ilikuwa makumbusho yaliyojulikana na wasomi wa Ulaya nzima. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali ambalo kila mseminari atakutana nalo akishapewa parokia: vitu vilivyo mikononi mwangu ni vya nani?

Velletri ni mji wa kale ulioko juu ya vilima vya Albani, yapata kilomita 40 kusini-mashariki mwa Roma. Kabla ya Warumi kuuteka ulikaliwa na watu walioitwa Wavolski. Hapo ndipo Stefano alipozaliwa tarehe 3 Desemba 1731. Malezi na masomo yake yalisimamiwa na baba yake mdogo, Alessandro Borgia, Askofu Mkuu wa Fermo, aliyekuwa msomi wa historia ya Kanisa. Kijana akarithi kwake mapenzi ya vitu vya zamani. Mwaka 1750, akiwa bado hajafikisha miaka 19, alipokelewa katika Akademia ya Cortona, chama cha wataalamu wa mambo ya kale ya Waetruski.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa Benevento, mji uliokuwa mali ya Papa ingawa ulizungukwa pande zote na Ufalme wa Napoli. Papa alimtuma huko kuwa gavana. Wengine wangeridhika kukusanya kodi na kungoja cheo kingine. Borgia aliutawala mji na papo hapo akapekua nyaraka zake, kisha akatoa historia yake katika vitabu vitatu. Hivyo ndivyo alivyokuwa: popote alipowekwa, alitaka kujua waliomtangulia pale walikuwa akina nani.

Mwaka 1770 aliteuliwa kuwa Katibu wa Propaganda Fide, idara ya Roma iliyosimamia kazi za umisionari duniani. Sisi Waafrika tunaifahamu, maana kwa vizazi vingi majimbo yetu yamelelewa nayo, na leo kazi zake ziko chini ya Dikasteri ya Uinjilishaji. Borgia alikaa kwenye ofisi hiyo karibu miaka 18. Kila siku zilimfikia barua kutoka China, India, Syria na Misri. Alipowajibu wamisionari, aliwahimiza pia wamtumie maandishi, sarafu, sanamu na vitu vingine vya watu waliokuwa wakiishi nao. Mizigo ilipofika, mingi ilipelekwa Velletri.

Tukiingia katika nyumba ile kwa mawazo, tunaona nini? Tunaona sanamu za Misri ya kale. Tunaona michoro ya udongo wa kuchoma iliyofukuliwa mjini Velletri mwaka 1784, kazi ya wale Wavolski. Ziko sarafu zenye maandishi ya kale ya Kiarabu, na ramani ya dunia iliyochongwa juu ya bamba la metali katika karne ya 15. Kiko kitabu cha wenyeji wa Mexico kilichochorwa kwenye ngozi za wanyama kabla ya kufika kwa Wahispania. Mshairi Mjerumani Goethe alipita hapo Februari 1787 akiwa safarini kwenda Napoli. Kati ya vitu alivyovitaja ni visanduku viwili vya rangi kutoka China, kimoja kikionyesha ufugaji wa viwavi vya hariri, kingine kilimo cha mpunga.

Lakini sisi tungesimama zaidi mbele ya vitu viwili vya Afrika. Cha kwanza ni kurasa za Kikopti zilizotoka katika Monasteri Nyeupe ya Misri, ile ya Abate Shenute. Ndani yake mna Maandiko Matakatifu na mafundisho ya wamonaki, katika lugha ya Waafrika waliomwamini Kristo karne nyingi kabla ya babu zetu kubatizwa. Cha pili ni karatasi ya mafunjo iliyoandikwa kwa Kigiriki mwishoni mwa karne ya 2. Haina habari za mfalme wala vita. Ni orodha ya majina ya watu wa kijiji kimoja cha Misri waliolazimishwa kufanya kazi kwenye mifereji na kingo za maji. Inasimuliwa kwamba karatasi nyingine zilizopatikana pamoja nayo zilichomwa moto na watu waliopenda harufu ya moshi wake. Hii moja ilinunuliwa na mfanyabiashara, ikamfikia Borgia, na mwaka 1788 msomi Mdenmark, Niels Schow, akaichapisha. Makabwela wale, ambao hakuna aliyedhani watakumbukwa, wakasomwa tena kwa majina.

Jambo la kusifiwa kwa Borgia ni kwamba hakuifunga nyumba yake. Aliwakaribisha wasomi, wakiwemo Waprotestanti, katika wakati ambao mashaka kati ya Wakristo yalikuwa makubwa. Mdenmark mwingine, Georg Zoëga, alipewa kazi ya kuorodhesha maandishi ya Kikopti. Mkarmeli Paulinus wa Mtakatifu Bartholomayo, aliyerudi kutoka umisionari India, alisaidiwa naye, na mwaka 1790 ikachapishwa Roma sarufi yake ya Kisanskriti, ya kwanza kupigwa chapa Ulaya.

Mwaka 1789 Pius VI alimfanya kardinali. Kisha ikaja dhoruba. Februari 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Roma, jamhuri ikatangazwa, na Papa akachukuliwa mateka. Borgia alikamatwa, halafu akafukuzwa mjini. Alikimbilia kaskazini, akakaa Padua, mbali na vitu vyake vyote. Huko hakukaa kuomboleza. Aliwakusanya wasomi, akaendelea kushughulikia mahitaji ya misheni kadiri alivyoweza. Alishiriki mkutano wa makardinali uliofanyika Venezia na kumchagua Pius VII mwezi Machi 1800. Miaka miwili baadaye aliwekwa kuwa Mkuu wa Propaganda Fide.

Mwaka 1804 Pius VII alisafiri kwenda Paris kwa ajili ya kutawazwa kwa Napoleon. Borgia, mzee wa miaka 72, alifuatana naye, akaugua njiani na kufariki mjini Lyon tarehe 23 Novemba. Baada ya kifo chake makumbusho yakagawanyika. Sehemu ikabaki kwa Propaganda Fide, na maandishi yake yakahamia Maktaba ya Vatikani mwaka 1902. Sehemu kubwa ya vitu vya Velletri iliuzwa na mpwa wake, ikaenda Napoli, na iko huko hadi leo. Nyumba ikabaki tupu.

Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Kurasa za Monasteri Nyeupe zilitenganishwa, na leo kitabu kimoja unaweza kukikuta nusu mji huu na nusu mji ule. Mwafrika ana haki ya kuuliza kwa nini urithi wa wamonaki wetu unasomwa Ulaya. Lakini tukikumbuka zile karatasi zilizochomwa, tunaona kwamba swali halina jibu jepesi: mwenye kuhamisha amepunguza, na mwenye kupuuza amepoteza kabisa.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alifundisha kutofautisha vitu vya kutumia na kile cha kupumzikia, ambacho ni Mungu peke yake. Tukimpima Borgia kwa kipimo hicho, tunaona kwamba alichokifungia ndani hakikudumu nyumbani mwake. Alichowapa wengine wakisome na kukichapisha ndicho kilichobaki, hata baada ya kabati kuuzwa.

Nasi tuna Velletri zetu. Bagamoyo, walikofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, misheni ina makumbusho, na anayeyatembelea hutoka na heshima mpya kwa waliomtangulia. Parokia nyingine zina vitabu vya ubatizo vya zamani vinavyoliwa na mchwa, na picha ambazo wazee wanaowatambua waliomo wanazidi kupungua. Katekista wa kwanza wa kigango, je, jina lake limeandikwa mahali? Kama mafunjo yalihifadhi majina ya wachimba mifereji kwa karibu miaka 1,600, sisi tunaweza kuanza na daftari moja, kabati lisiloingia maji, na mlango ulio wazi kwa anayetaka kusoma.