Edgar Allan Poe

Edgar Allan Poe (Boston, Massachusetts, 19 Januari 1809 – Baltimore, Maryland, 7 Oktoba 1849) alikuwa mwandishi, mshairi na mhakiki wa fasihi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa hadithi fupi za kutisha za mkondo wa Gothiki, ambazo nyingi husimuliwa na mhusika asiyeweza kuaminiwa moja kwa moja. Pia anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa hadithi za upelelezi.

Maisha

Wazazi wake, David Poe na Elizabeth Arnold, walikuwa waigizaji wa tamthilia. Baba aliiacha familia, na mama alifariki mwaka 1811 mjini Richmond, Virginia, Edgar akiwa hajatimiza miaka mitatu. Alilelewa na mfanyabiashara John Allan na mke wake Frances, ambao hawakumfanya mtoto wao kisheria. Kati ya 1815 na 1820 aliishi nao Uingereza na kusoma huko.

Mwaka 1826 alijiunga na Chuo Kikuu cha Virginia, lakini aliondoka kabla ya mwaka kwisha kutokana na madeni, yakiwemo ya kamari. Mwaka 1827 aliingia jeshini kwa jina la Edgar A. Perry, akidai kuwa na miaka 22 ilhali alikuwa na 18. Mwaka huohuo alitoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi bila kutaja jina lake. Baadaye alisoma katika chuo cha kijeshi cha West Point, akafukuzwa mwaka 1831.

Tangu hapo aliishi kwa kalamu, akihariri majarida huko Richmond, Philadelphia na New York. Mwaka 1836 alimwoa binamu yake Virginia Clemm, aliyekuwa na miaka 13. Shairi la The Raven (Kunguru) la mwaka 1845 lilimpa sifa kubwa lakini halikumwondolea umaskini. Virginia alifariki kwa kifua kikuu mnamo Januari 1847.

Tarehe 3 Oktoba 1849 Poe alikutwa mjini Baltimore akiwa hoi, asiweze kueleza yaliyompata. Alifariki hospitalini siku nne baadaye. Chanzo cha kifo chake hakijathibitishwa hadi leo.

Msimulizi asiyeaminika

Katika The Tell-Tale Heart (Moyo Unaosema) ya mwaka 1843, muuaji anasimulia kwa nafsi ya kwanza akijitahidi kuthibitisha kwamba ana akili timamu. Ushahidi anaoutoa ni uangalifu aliotumia kumuua mzee, na ushahidi huohuo ndio unaomtilia msomaji shaka. Anasikia moyo wa marehemu ukidunda chini ya sakafu, lakini hakuna shahidi mwingine wa kuthibitisha sauti hiyo.

Msimulizi wa The Black Cat (Paka Mweusi), pia ya 1843, anaulaumu ulevi na paka kwa ukatili wake mwenyewe. Katika The Cask of Amontillado ya 1846, Montresor anadai kulipiza kisasi kwa tusi ambalo halitaji hata mara moja. Msomaji hulazimika kupima kinachosemwa, kinachofichwa na sababu ya kukificha. Jina la mbinu hii, msimulizi asiyeaminika, lilitolewa na mhakiki Wayne C. Booth mwaka 1961, zaidi ya miaka 100 baada ya Poe.

Masimulizi kuhusu Poe mwenyewe

Maisha ya Poe nayo yaliangukia mikononi mwa msimulizi wa namna hiyo. Siku mbili baada ya kifo chake, Rufus Griswold, aliyekuwa na uhasama naye, alichapisha tanzia ya kumchafua kwa jina la bandia la Ludwig. Mwaka 1850 aliongeza wasifu uliomchora Poe kama mlevi mwovu asiye na rafiki, akitumia barua ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezigeuza. Wengi waliuamini, kwa kuwa ulifanana na wahusika wa hadithi zake. Mwaka 1941 Arthur Hobson Quinn alionyesha kwa ushahidi jinsi barua hizo zilivyoghushiwa.

Hata hivyo, Poe mwenyewe hakuwa shahidi safi: aliwahi kudai safari za Ugiriki na Urusi ambazo hakuzifanya. Kwa hiyo wasifu wake huandikwa kwa kulinganisha kumbukumbu za jeshi, chuo na barua halisi.

Athari

Charles Baudelaire alizitafsiri hadithi zake kwa Kifaransa. Katika The Murders in the Rue Morgue (1841), mpelelezi Dupin ana rafiki anayesimulia kwa uaminifu lakini haoni anachokiona Dupin. Arthur Conan Doyle aliufuata mpangilio huo kwa Sherlock Holmes na Daktari Watson. Katika fasihi ya Kiswahili, wahakiki huwalinganisha wawili hao na Bwana Msa na Najum wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mwandishi wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960).