Mbaraka Mwinshehe: Gitaa lilimtoa Morogoro, ajali ikamkatisha Mombasa

Tangu 1982 kampuni ya Fender ya Marekani imekuwa ikiunda upya magitaa yake ya umeme ya miaka ya 1950 na 1960. Umbo lilelile, rangi zilezile, ila mapya kabisa. Ukiwa na pesa, gitaa la enzi za Mbaraka Mwinshehe unalipata. Mpigaji ndiyo shida.

Mbaraka alizaliwa Juni 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa Morogoro Jazz. Katikati ya miaka ya 1960 akaachana na shule na kujiunga na bendi hiyo. Haikupita muda mrefu akawa ndiye mshika solo, mtunzi na mwimbaji.

Morogoro ya wakati huo ilikuwa moto. Upande wa pili walikuwepo Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye naye alifariki kwa ajali ya gari, 1965. (Wazee wa Mabawa na Ngamiani watakubishia kwamba moto wenyewe ulikuwa Tanga, kwa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ubishi huo haujaisha mpaka leo.)

Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Safari hiyo ikazaa wimbo wa Expo 70. Dk. Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo.

Santuri ndogo za siku zile zilikuwa na nafasi finyu, hivyo nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili. Ukigeuza upande wa pili ndipo unamsikia Mbaraka vizuri: maneno yamepungua, gitaa linaongea lenyewe.

1973 aliondoka Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo mwanamuziki aliyetaka kuuza ilibidi aiangalie Kenya. Mbaraka alipendwa sana huko, na huko ndiko alikofia. Januari 1979 alipata ajali ya gari Mombasa. Alikuwa na miaka 34.

Wimbo wake Shida ukavuma Kenya akiwa tayari kaburini, santuri zikauzwa kwa wingi. Baadaye nyimbo zake za zamani zilikusanywa na kutolewa upya kwenye mfululizo ulioitwa Ukumbusho, toleo baada ya toleo.