Samuel Baker: Aliyeichora Ziwa Albert bila kukanyaga Ituri

Anayetoka mtaa wa Lumumba mjini Bunia kwenda Kasenyi huteremka safu ya milima iliyo juu ya Ziwa Albert. Mwingereza Samuel Baker aliiona milima hiyo Machi 14, 1864, akiwa ng'ambo, upande wa Bunyoro, nchini Uganda ya leo.

Baker alizaliwa London mwaka 1821. Aliwahi kuwa mkulima Ceylon, na alipenda uwindaji na uchoraji wa rangi za maji. Alisafiri na Florence, aliyekutana naye mwaka 1859 katika mji wa Vidin, ambako msichana huyo alikuwa akiuzwa utumwani. Wote wawili walifika ziwani wakiwa wamedhoofishwa na homa.

Wenyeji waliliita ziwa hilo Mwitanzige, yaani muua nzige. Baker alilipa jina la Albert, marehemu mume wa Malkia Victoria. Michoro yake ya safari ilichapishwa mwaka 1866 katika kitabu kilichompa umaarufu mkubwa.

Hata hivyo, macho yalimdanganya. Alikadiria milima ya Ituri iko zaidi ya kilomita 80 kutoka aliposimama, ilhali upana wa ziwa ni takriban kilomita 30. Kwenye ramani alilirefusha ziwa mbali kusini. Mwaka 1876 Mwitaliano Romolo Gessi alilizunguka na kuonyesha kuwa ni dogo kuliko ilivyodhaniwa.

Baker alirudi akiwa gavana wa Equatoria, kazi aliyopewa na Misri kuanzia 1869 hadi 1873 ili kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1872 alitangaza Bunyoro kuwa mali ya Misri. Mfalme Kabalega alikataa, vita vikazuka Masindi Juni 8, na Baker akalazimika kukimbia. Agosti aliwashinda wafanyabiashara wa watumwa huko Fatiko, kaskazini mwa Gulu, akajenga ngome juu ya miamba.

Ndiyo maana anakumbukwa kwa sura mbili: kwa Waacholi wa Fatiko ni mkombozi, kwa Wanyoro ni mvamizi.

Alifariki Uingereza Desemba 30, 1893. Rais Mobutu alilipa ziwa jina lake mwenyewe mwaka 1973, lakini baada ya utawala wake kuanguka, jina la Albert lilirudi. Lile la Mwitanzige halijarudi kwenye ramani za Kongo.