Chumvi na Ufalme: Maisha ya Kabalega wa Bunyoro

Kabalega alirithi kiti cha enzi cha Bunyoro, magharibi ya Uganda ya leo, baada ya baba yake Kamurasi kufariki mwaka 1869. Alimshinda nduguye katika vita vya urithi, akaunda jeshi la kudumu lililoitwa Abarusura, na mwaka 1872 akamfukuza Samuel Baker, aliyetumwa na Misri kuitwaa nchi hiyo.

Jeshi huhitaji silaha, na silaha hununuliwa kwa mali. Mbali na pembe za ndovu, Bunyoro ilikuwa na chumvi. Huko Kibiro, kando ya Ziwa Albert, wanawake walimiliki mashamba ya chumvi na kuyarithishana. Walitandaza udongo mkavu juu ya ardhi iliyoloweshwa na maji ya chumvi. Jua lilipoyakausha maji, chumvi ilibaki katika udongo. Waliukwangua, wakautia katika chungu chenye matundu na kuumwagia maji. Chumvi ikayeyuka na kuchuruzika, udongo ukabaki. Hatimaye waliyachemsha maji hayo hadi chumvi ikabaki peke yake. Kusini zaidi lilikuwapo Ziwa Katwe, ambalo chumvi yake ni mchanganyiko wa kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya kula, pamoja na kaboneti na salfeti za sodiamu. Kaboneti hiyo ndiyo iliyomo katika magadi tunayolainishia maharage.

Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliiteka Katwe na kujenga ngome; Kabalega akapoteza mapato makubwa. Aliendelea kupigana hadi Aprili 1899, alipojeruhiwa na kukamatwa. Alihamishiwa visiwa vya Shelisheli. Mwaka 1923, akiwa njiani kurudi kwao, alifariki Jinja, akazikwa Mparo, karibu na Hoima. Ufalme ulishindwa, lakini maarifa ya wanawake wa Kibiro hayakutekwa. Vizazi vilivyofuata viliendelea kupika chumvi.

Mwalimu atakayefundisha Gwata, mkoani Pwani, hahitaji maabara ili kuyaonyesha maarifa hayo. Achanganye chumvi na mchanga, autie mchanganyiko katika kopo lililotobolewa na kutandikwa kitambaa, amwagie maji, kisha ayachemshe yeye mwenyewe maji yaliyochujika. Kabla ya kutaja kuyeyusha, kuchuja na kuvukiza, awaulize wanafunzi chumvi imekwenda wapi. Wakiisha kuiona tena sufuriani, awasimulie habari za Kabalega; nao watatambua kwamba sayansi haikuletwa kwetu ndani ya vitabu peke yake.